Kwa nini Meja André hakupigwa risasi

Tarehe 29 Septemba 1780 majenerali 14 wa jeshi la Marekani waliketi katika kanisa la Waholanzi kijijini Tappan, New York, wakaletewa ofisa wa Kiingereza aliyekamatwa akiwa amevaa koti la kuazima. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Nathanael Greene. Walikuwepo Lord Stirling, Baron von Steuben aliyetoka Prussia, Henry Knox mkuu wa mizinga, John Stark wa New Hampshire, na Marquis de Lafayette, Mfaransa ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 23. Aliyesimama mbele yao ni Meja John André, mkuu wa utawala wa jeshi la Uingereza mjini New York, na ndiye aliyekuwa akiendesha shughuli za ujasusi za Jenerali Henry Clinton, mkuu wa majeshi ya Uingereza. Siku hiyohiyo walimaliza kazi. Walisema kwa kauli moja kwamba mtu huyu ahesabiwe kuwa jasusi wa adui, na kwamba kwa sheria na desturi za mataifa anastahili kufa. Siku tatu baadaye, saa sita mchana, alinyongwa.

Nimeishi kaskazini mashariki mwa Marekani miaka mingi, si mbali sana na mto Hudson, na kesi hii imenishika kuliko nyingine yoyote ya vita vile vya mapinduzi. Nikiitaja kwa watu wanaoijua, neno la kwanza wanalosema ni masikini André. Kijana mzuri, mchoraji, mtunga mashairi, mjuzi wa Kifaransa na Kijerumani, kanyongwa kama mwizi wa farasi ilhali aliomba jambo moja tu: apigwe risasi, afe kiaskari. Kwa nini George Washington, mkuu wa majeshi ya Marekani, alimnyima? Nataka kulijibu swali hilo, kwa sababu naamini jibu lipo, na naamini Washington alikuwa sahihi. Halafu nina neno juu ya machozi yenyewe, yaliyomwagwa mengi kwa mtu mmoja na machache mno kwa wengine waliokuwa karibu naye.

Mzizi wa habari ni Benedict Arnold. Kabla ya kusaliti, alikuwa mpiganaji hodari pengine kuliko majenerali wote wa upande wake. Kule Saratoga, mwaka 1777, alipigwa risasi ya mguu akiwa mbele ya askari wake, siku ambayo ushindi ulipatikana. Baadaye akapewa uongozi wa kijeshi wa mji wa Philadelphia. Akaishi maisha makubwa kuliko mfuko wake, akamwoa Peggy Shippen, binti wa miaka 18 wa familia yenye jina mjini, akalimbikiza madeni, akafikishwa mahakama ya kijeshi kwa kutumia cheo kujinufaisha. Kinyongo na madeni vikakutana. Mei 1779 alimtuma muuza vyombo vya udongo, Joseph Stansbury, kwa Waingereza, na upande wa pili aliyempokea alikuwa André. Waliandikiana kwa namba, kila namba ikielekeza ukurasa, mstari na neno katika kitabu ambacho wote wawili walikuwa nacho. Barua zile ni za biashara tupu. Arnold anauliza atalipwa kiasi gani, na mpango ukiharibika atapata nini. Agosti 1780, alipokwisha kukabidhiwa ngome ya West Point, bei ilipanda: pauni 20,000 kwa ngome pamoja na askari wake wapatao 3,000.

West Point ipo pale ambapo mto Hudson unapinda kona kali, na Wamarekani walikuwa wametandaza mnyororo mnene wa chuma kutoka ukingo hadi ukingo ili meli za Uingereza zisipite. Mwenye kuishika ngome ile angeyatenga majimbo ya New England na mengine yote. Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mei, mji wa Charleston ulianguka na maelfu ya askari wakatekwa; Agosti, jeshi jingine likavunjwa Camden; pesa ya karatasi ilikuwa haina thamani na askari walikuwa na njaa. Ninaposoma watu wakisema Washington alikuwa mgumu wa moyo siku zile za Tappan, huwa nairudia orodha hiyo ya miezi mitano.

Clinton alimpa André maagizo matatu kabla hajaondoka New York: asiingie ndani ya maeneo ya adui, asivue sare yake, asibebe karatasi. Maagizo yote matatu yalivunjwa ndani ya siku moja, na kila moja lilivunjwa kwa sababu iliyoonekana ya maana wakati ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba, wakili mmoja aitwaye Joshua Hett Smith aliifuata manowari Vulture iliyokuwa imetia nanga mtoni, kwa mashua iliyopigwa makasia na ndugu wawili wakulima, akina Cahoon. Hawakutaka kwenda. Arnold aliwabembeleza na kuwatisha mpaka wakakubali. André alishuka akiwa na sare yake nyekundu chini ya joho, akapelekwa ukingo wa magharibi, akakutana na Arnold gizani katikati ya miti. Walizungumza hadi karibu na alfajiri. Smith alipokuja kuwaambia kunakucha, wale ndugu wawili walikataa katakata kurudi kwenye meli. Walikuwa wamechoka, wanaogopa, na hakuna aliyewaeleza wanabeba nini. Basi André akapanda farasi pamoja na Arnold kwenda nyumbani kwa Smith, na njiani mlinzi akawasimamisha gizani kuwauliza ni akina nani. Hapo ndipo alipojua kwamba ameingia ndani ya mipaka ya adui. Agizo la kwanza likawa limevunjika.

Kulipokucha, akiwa dirishani kwa Smith, aliona mizinga ikiipiga Vulture kutoka ng'ambo ya mto. Kanali James Livingston, ambaye hakujua lolote kuhusu njama ile, alikuwa amechoshwa na kuiona manowari ya adui imekaa pale kama ya kwake, akatafuta baruti akaanza kuifyatulia. Meli ikasogea mbali kufuata mkondo wa mto. Njia ya kurudi ikafungwa. Arnold akampa karatasi sita zenye habari za ngome, idadi ya askari na mizinga, akamwambia aziweke ndani ya soksi chini ya nyayo, kisha akamwandikia hati ya kupita kwa jina la John Anderson. Smith akampa koti lake na kofia. Jioni ile walivuka mto kwa kivuko, André akiwa amevaa kiraia, ana jina la uongo, na soksini ana siri za ngome.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 23 Smith alimwacha aendelee peke yake. Mbele yake palikuwa na nchi ya katikati, isiyo ya huyu wala yule, ambayo magenge ya pande zote mbili yalikuwa yakipora ng'ombe na kuchoma nyumba. Karibu na Tarrytown wanamgambo watatu walikuwa wamejificha kando ya barabara: John Paulding, David Williams na Isaac Van Wart. Vijana wa mashambani, hawana mishahara, wanangoja kukamata watu wa upande wa pili na chochote walichonacho. Paulding alikuwa ametoroka jela ya Waingereza mjini New York siku chache tu kabla, na koti alilovaa lilikuwa la askari wa Kijerumani wa upande wa Uingereza.

Koti hilo ndilo lililomponza André. Aliliona akadhani amefika kwa watu wake. Akawaambia mabwana, natumaini ninyi ni wa upande wetu. Upande gani? Upande wa chini, akasema, yaani New York. Wakamwambia ndiyo. Akajitambulisha kuwa ofisa wa Kiingereza mwenye shughuli muhimu na kuwaomba wasimcheleweshe. Walipomwambia kwamba wao ni Wamarekani, alicheka kidogo akatoa ile hati ya Arnold. Laiti angeitoa kwanza angepita. Wakamvusha kichakani, wakamvua nguo, hawakuona kitu. Wakamwambia avue viatu vya buti, hakuna kitu. Kisha wakaona soksi zimekaa vibaya kwenye nyayo. Paulding ndiye aliyejua kusoma. Alizipitia karatasi akawaambia wenzake, huyu ni jasusi. André akawapa farasi, saa, na guinea 100, sarafu za dhahabu za Kiingereza, wamwachie. Paulding akajibu kwamba hata ziwe 10,000, hapigi hatua.

Kuna waliosema baadaye kwamba watu hawa watatu walikuwa wezi tu, na kama André angekuwa na pesa taslimu mfukoni wangemwachia. André mwenyewe aliamini hivyo. Meja Benjamin Tallmadge, mkuu wa ujasusi wa Washington, aliyasema maneno hayo bungeni mwaka 1817 Paulding alipoomba pensheni iongezwe. Mimi naona hivi: walikuwa maskini, wametoka kutafuta mali ya adui, na walipoambiwa watajirike wakalinganisha utajiri huo na zile karatasi, wakachagua kumpeleka. Aliyetoka nyumbani na nia safi kuliko wao siku ile simwoni. Arnold alikuwa na cheo, nyumba, na sifa za taifa zima, na yeye ndiye aliyeuza.

Walimfikisha kwa Luteni Kanali John Jameson huko North Castle, na hapo nchi nusura ipotee kwa ujinga wa mtu mmoja mwaminifu. Jameson alizituma karatasi kwa Washington, lakini mfungwa akaamuru apelekwe kwa mkubwa wake wa karibu, ambaye ni Arnold. Tallmadge alipofika usiku na kusikia, alimsihi mpaka mfungwa akarudishwa. Barua ya kumwarifu Arnold haikurudishwa. Ilimfikia asubuhi ya tarehe 25 akiwa mezani anakunywa chai, Washington akitarajiwa kuwasili wakati wowote. Akapanda ghorofani kwa mkewe, akashuka, akapanda farasi hadi mtoni, akawaamuru wapiga makasia wake wampeleke Vulture. Alipofika salama aliwataka watu wale wajiunge na jeshi la mfalme. Walikataa, akawafanya mateka palepale, watu waliomwokoa shingo dakika chache zilizopita.

Sasa turudi kwa mfungwa. Wakiwa njiani kwenda Tappan, André alimuuliza Tallmadge anadhani atahukumiwa vipi. Tallmadge alilikwepa swali mpaka akashindwa, kisha akamsimulia habari za rafiki aliyesoma naye chuo cha Yale, Nathan Hale, aliyeingia New York mwaka 1776 kutafuta habari. Akamuuliza, unakumbuka mwisho wake? André akajibu, alinyongwa kama jasusi, lakini hakika hudhani kesi yake na yangu ni sawa? Tallmadge akamwambia zinafanana kabisa, na mwisho wako utafanana na wake.

Hale alikuwa kapteni wa miaka 21, mwalimu wa shule kabla ya vita. Aliingia katika mji ulioshikwa na Waingereza amevaa kama mwalimu anayetafuta kazi. Walimkamata tarehe 21 Septemba, wakamkuta na maandishi, akajitaja jina na cheo, na Jenerali William Howe akatia saini kifo chake bila mahakama yoyote. Asubuhi ya tarehe 22 walimnyonga. Inaelezwa kwamba aliomba mchungaji akanyimwa, akaomba Biblia akanyimwa, na barua alizoandika zikachanwa. Mwili ukaachwa. Hakuna ajuaye kaburi lake hadi leo.

Ninaileta habari ya Hale kwa sababu watetezi wa André huizungumza hukumu ya Tappan kama jambo la haraka na la hasira. André alikaa mbele ya majenerali 14. Walimwambia kwamba halazimiki kujibu swali lolote litakalomtia hatiani. Walimpa kalamu na karatasi aandikie wakubwa wake. Alihifadhiwa katika nyumba ya mawe ya Mabie, chakula kikitoka mezani kwa Washington mwenyewe. Mtumishi wake aliruhusiwa kuvuka kutoka New York na nguo safi.

Kesi yenyewe ilining'inia kwenye swali moja: je, alishuka ukingoni chini ya bendera nyeupe? Kama alikuja chini ya bendera ya mazungumzo, basi si jasusi, ni mjumbe. Arnold, akiwa tayari salama New York, aliandika kwamba bendera ilikuwepo na kwamba yeye kama kamanda alikuwa na haki ya kuitoa. Clinton aliandika hivyohivyo. Greene alimuuliza André. Angeweza kusema ndiyo, barua mbili zilikuwa tayari kumuunga mkono. Alisema hapana: kama ningekuja chini ya bendera, ningerudi chini yake. Pale kanisani hakuna shahidi aliyehitajika tena.

Nimesoma mistari ile mara nyingi na kila mara namwona André amekuwa mkubwa. Alikuwa amesema uongo wiki nzima: jina la uongo, nguo za uongo, barua za namba kwa mwaka na zaidi. Mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumuua hakusema uongo hata mmoja. Alexander Hamilton, aliyekuwa msaidizi wa Washington na alimtembelea kizuizini, alimwandikia rafiki yake kwamba pengine hajawahi kufa mtu kwa haki kuliko huyu, wala aliyestahili kifo kwa uchache kuliko huyu. Hamilton alikuwa miongoni mwa waliotaka apigwe risasi.

Tarehe 1 Oktoba André alimwandikia Washington. Hakuomba uhai. Aliomba aina ya kifo ilingane na hisia za mtu mwenye heshima, asife kwenye mti wa kunyongea. Washington hakujibu. Kimya kile kimelaumiwa miaka yote, lakini hebu tupime jibu lingekuwa nini. Katika vita vya zama zile jasusi alinyongwa. Risasi zilikuwa za askari. Mtu aliyetekwa vitani akiwa na haki zake hauawi kabisa, anawekwa mpaka abadilishwe. Basi André ama ni jasusi na kamba ni yake, ama ni mateka na hakuna ruhusa ya kumuua kwa namna yoyote. Katikati ya hayo mawili hakuna mahali pa kusimama. Kumpiga risasi kungekuwa kuutangazia ulimwengu kwamba majenerali 14 hawakuwa na uhakika, na kwamba wamemuua mtu wasiyejua ni nani, ili kulipiza kisasi cha Arnold. Clinton angelitumia hilo kesho yake. Nami naongeza: Hale alinyongwa. Washington angemwambia nini askari aliyemjua Hale? Kwamba kamba ni ya mwalimu wa shule, na risasi ni ya msaidizi wa jenerali?

Njia moja ya kumwokoa ilikuwepo. Kapteni Aaron Ogden, aliyepelekwa kwenye kituo cha Waingereza na barua, aliagizwa adokeze kwa mdomo kwamba André anaweza kuachiwa iwapo Arnold atarudishwa. Clinton alimpenda André kama mwanawe, na alikataa. Mtu aliyekimbilia kwako harudishwi, la sivyo hakuna mwingine atakayekimbilia kwako tena. Kama kuna aliyekuwa na kamba ya André mkononi saa zile za mwisho, ni Clinton, na kwa hesabu za kijeshi naye hakukosea. Arnold alituma barua ya vitisho, akiahidi kuua mateka 40 wa South Carolina. Kujitoa yeye mwenyewe badala ya kijana aliyemfuata ufukweni, hilo hakulitaja.

Siku ya mwisho André aliketi mbele ya kioo akajichora kwa kalamu ya wino: amekaa kwenye kiti kando ya meza, miguu imepishana, uso umetulia. Mchoro uko Yale, chuo alichosoma Hale. Alikuwa ameshamwandikia Clinton kumwondolea lawama, kwamba maagizo yake hayakuwa chanzo cha mkasa huu, na kumwomba awakumbuke mama yake na dada zake watatu waliopoteza kipato.

Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba mtumishi wake, Peter Laune, aliingia akilia. André akamwambia atoke mpaka atakapoweza kujikaza kiume. Akanyoa ndevu, akavaa sare nyekundu, akaweka kofia mezani, akawaambia maofisa wa zamu kwamba yuko tayari. Alitembea kati yao wawili, akawasifia ngoma jinsi zilivyopigwa vizuri. Daktari wa kijeshi James Thacher alikuwepo na aliandika aliyoyaona. Majenerali waliomhukumu walikuwa juu ya farasi wao. Washington na wasaidizi wake hawakuja. André aliwainamia kichwa akipita. Alipopandisha kilima na kuuona mti wa kunyongea alirudi nyuma hatua moja. Aliuliza, ni lazima nife hivi? Akasema amekubaliana na kifo chake, siyo namna yake. Akisubiri chini ya mti, Thacher anasema, aliweka mguu juu ya jiwe akawa analivingirisha huku akijaribu kumeza mate. Jiwe hilo ndilo linalonifikia kuliko maneno yote. Kisha akapanda gari la farasi lenye jeneza, akamsukuma mnyongaji pembeni, mfungwa aliyepakwa masizi usoni na kuahidiwa kuachiwa huru kwa kazi ile, akajivika kitanzi mwenyewe, akajifunga leso machoni. Kanali Alexander Scammell alimwambia anaweza kusema. Akainua leso: mnishuhudie kwamba ninakufa kama mtu jasiri.

Kwenye kilima kile leo kuna mnara wa jiwe katikati ya mtaa wa makazi, watu wanaegesha magari pembeni. Uliwekwa mwaka 1879 na tajiri Cyrus Field, na katika miaka michache iliyofuata wenye hasira waliupiga kwa baruti zaidi ya mara moja. Mwili haupo tena. Mwaka 1821 balozi mdogo wa Uingereza aliufukua ukapelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey, ambako mfalme George wa Tatu alikwisha kumjengea kumbukumbu ya marumaru.

Maili chache kutoka kilima hicho, upande wa New Jersey, kuna jambo ambalo wanaomlilia André huwa hawalitaji. Septemba 1778, miaka miwili na siku chache kabla ya kunyongwa kwake, Jenerali Charles Grey aliwavamia usiku askari wa farasi wa Kanali George Baylor waliokuwa wamelala kwenye maghala ya mashamba, na watu wake wakawachoma kwa singe. Wakati huo msaidizi wa Grey alikuwa André. Mwaka 1967 wachimbaji walikuta mifupa ya sita kati ya wale askari ndani ya mapipa ya zamani ya kulainishia ngozi, walimotupwa. Wamekaa humo karibu miaka 190. Simlaumu André kwa singe za wengine. Ninachosema ni kwamba wale nao walikuwa vijana, walikuwa na mama na dada, na hakuna aliyewauliza wanapendelea kufa vipi.

Na katika majenerali wale 14, mmoja, Lafayette, alitumwa Virginia mwaka uliofuata akiwa na amri ya kumkamata Arnold na kumnyonga. Arnold hakukamatwa, alilipwa pauni elfu sita na kitu, akapewa cheo cha brigedia, akachoma miji ya Wamarekani, akafia London mwaka 1801. Lakini kule Virginia Lafayette alipata jasusi wake, mtumwa aitwaye James, mali ya William Armistead. James aliingia kambi za Waingereza kama mtumishi, akasikiliza maofisa mezani, akatoa habari mpaka Jenerali Cornwallis wa Uingereza alipozingirwa Yorktown. Kama wangemshika, hapangekuwa na baraza wala kalamu wala kifungua kinywa kutoka mezani kwa mkuu wa majeshi. Mwaka 1783 bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kuwaachia huru watumwa waliopigana kama askari badala ya mabwana zao. James hakuhusika nayo, kwa kuwa hakuwa askari, alikuwa jasusi. Alirudi utumwani. Ilibidi Lafayette amwandikie cheti, na James aombe na kuomba tena, mpaka Januari 1787 bunge lilipompa uhuru wake na kumlipa bwana wake bei yake. Akajiita James Lafayette. Paulding, Williams na Van Wart walipewa na bunge la taifa medali za fedha na dola 200 kila mmoja kwa mwaka, maisha yao yote. James alipoomba msaada uzeeni, mwaka 1818, Virginia ilimpa dola 60 za papo hapo na pensheni ya 40 kwa mwaka.